Umefaulu mtihani wa uraia wa Marekani? Usinunue tiketi ya Kisumu kwanza

Hapa Kisumu, habari za mtoto wa nyumbani aliyefaulu mtihani wa uraia kule Marekani hufika kabla ya cheti chenyewe, na mipango ya sherehe ikaanza. Mimi niliyepita njia hiyo nawaomba msubiri. Uraia huanza siku ya kiapo. Kabla ya hapo bado una grini kadi tu, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, kwa hiyo usijiandikishe kupiga kura hata ukibembelezwa vipi. Kosa hilo limewahi kuwafukuzisha watu nchini.

Barua ya kukuita kwenye kiapo ni fomu N-445. Ina maswali: tangu mahojiano umesafiri nje? Umekamatwa? Umeoa, umeolewa au kuachana? Yajibu siku yenyewe ya kiapo, na useme kweli. Siku hiyo unarudisha grini kadi, unaapa, unapewa cheti.

Hapo usiwe na haraka. Majina yetu huwasumbua makarani: Achieng' huweza kupoteza alama yake, Odhiambo akapungukiwa herufi. Mimi nilijitenga pembeni nikasoma cheti herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa, kabla sijatoka ukumbini. Kosa ukiligundua baadaye, ni kujaza fomu N-565 ya kuomba cheti kingine na kusubiri sana.

Sasa tiketi. Ukishakabidhi grini kadi, huna cha kukurudisha Marekani mpaka upate pasipoti yao, na kuiomba lazima upeleke cheti halisi pamoja na fomu DS-11. Piga kopi kwanza. Kukitokea msiba nyumbani, omba miadi ya dharura kwenye ofisi ya pasipoti; usikimbilie uwanja wa ndege na pasipoti ya Kenya pekee.

Upande wa Kenya, raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake; kifungu cha 16 cha Katiba ya 2010 kinamlinda. Ila sheria ya uraia ya 2011 inakutaka uijulishe serikali ndani ya miezi 3 kwamba una uraia wa pili. Ukinyamaza, faini yaweza kufika shilingi milioni 5, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Inaniuma kuona wengi wetu wakilipuuza hili.

Na watoto: aliye chini ya miaka 18, mwenye grini kadi na anayeishi Marekani chini ya ulezi wako, huwa raia siku unapoapa, bila kuapa yeye. Mwombee pasipoti pamoja na yako.