Makundi ya WhatsApp: lipi lilie, lipi likae kimya

Simu ya mtu mzima wa kawaida huku kwetu ina kundi la ukoo, la ndugu wa tumbo moja, la kazini, la wazazi wa darasa, la kikoba, la mtaa, la waliosoma pamoja, na mara nyingi kuna la harusi au msiba linaloendelea. Yote yakilia kwa mlio mmoja, mlio huo haukuambii kitu tena. Unauzoea, unaacha kuutazama. Siku dada yako anapoandika kwamba mama amekimbizwa hospitali, meseji yake inalala chini ya picha za maua na salamu za asubuhi mpaka mchana.

Wengi hupambana kwa kunyamazisha kundi moja moja, kila linapowakera. Kazi hiyo haiishi, maana kila kundi jipya unaloingizwa linakuja na sauti yake kamili. Ni bora uanzie upande wa pili: zima sauti ya makundi yote kwa mkupuo mmoja, halafu warudishie sauti wachache wanaostahili.

Anayestahili ni nani? Usipime kwa ukubwa wa kundi wala kwa cheo cha admini. Jiulize: meseji ya humu nikiisoma kesho asubuhi, kuna nini kitakachoharibika? Kundi la ndugu wa tumbo moja linapita kipimo hiki. Kundi la zamu kazini linapita pia, kwa sababu mtu akibadilishiwa zamu usiku anatakiwa ajue usiku huohuo. Wazazi wa darasa kwa kawaida halipiti. Habari ya sare au mchango wa mtihani inaweza kungoja jioni. Kikoba kinapita siku ya marejesho tu. Kundi la ukoo lenye watu mia na zaidi halipiti, hata kama baba mkubwa ndiye aliyelianzisha, na hakuna utovu wa adabu hapo: baba mkubwa haoni kama simu yako imelia, anaona kama umemjibu. Watu wengi wakipima kwa ukweli hubaki na makundi mawili au matatu. Ukiona umefika sita, rudia kupima.

Sasa mpangilio wenyewe. Kwenye simu ya Android fungua WhatsApp, gusa nukta tatu za juu kulia, ingia kwenye mipangilio, kisha arifa. Utakuta sehemu ya meseji za mtu mmoja mmoja, sehemu ya makundi na sehemu ya simu. Shuka kwenye ya makundi. Mlio uweke "hakuna". Mtetemo uzime. Halafu kuna swichi ya arifa za kipaumbele cha juu, ile inayofanya meseji idondoke juu ya kioo wakati unaandika kitu kingine, izime pia. Hapo hapo kuna swichi ya arifa za hisia, yaani mtu akibandika moyo au kidole gumba kwenye meseji yako. Kwa makundi, izime bila kufikiri mara mbili. Sehemu ya meseji za mtu mmoja mmoja usiiguse, ili anayekuandikia wewe binafsi aendelee kusikika.

Baada ya hapo ingia kwenye kundi la kwanza uliloteua, gusa jina lake pale juu, fungua arifa na uchague mpangilio maalumu wa kundi hilo. Lipe mlio ambao hautumiki mahali pengine popote kwenye simu, mfupi lakini mkali, na mtetemo mrefu. Kundi la pili lipe mlio mwingine. Ndani ya siku chache sikio litakuwa limejifunza, na utajua ni kazini au ni nyumbani kabla hujaitoa simu mfukoni. Kwenye iPhone safari ni ileile: mipangilio ya WhatsApp, arifa, sauti ya makundi, mlio wa kundi mojamoja unaupata ukigusa jina la kundi.

Kuna kitu kinachowachanganya watu hapa. Kundi lisilo na mlio, kundi lililonyamazishwa (mute) na kundi lililowekwa kwenye kumbukumbu (archive) ni vitu vitatu tofauti. Lisilo na mlio bado linaonyesha arifa kwenye kioo, ila kimyakimya. Lililonyamazishwa halionyeshi chochote, isipokuwa mtu akikutaja au akijibu meseji yako. Lililowekwa kwenye kumbukumbu linaondoka hata kwenye orodha ya mazungumzo, na tangu 2021 linabaki huko hata meseji mpya zikiingia. Nalo pia litakuamsha ukitajwa au ukijibiwa. Makundi yenye kelele ya kudumu yanyamazishe moja kwa moja. Harusi iliyokwisha, safari iliyopita, kampeni ya mwaka juzi, yote hayo peleka kwenye kumbukumbu.

Kutajwa kunafanya kazi iwapo tu mwandishi ameweka alama ya @ kisha akachagua jina kwenye orodha inayofunguka, mpaka jina likabadilika rangi. Akiandika tu "Mama Neema njoo uone hii", simu ya Mama Neema haitajua kwamba ameitwa. Waambie wenzako wa kazini hili mapema, kwa sababu ndilo linalokuwezesha kunyamazisha kundi la kazi bila kukosa linalokuhusu.

Muda wa kunyamazisha una chaguo tatu: saa 8, wiki moja, au siku zote. Hilo la saa 8 watu hulidharau, wakati ndilo lenye manufaa zaidi kwa kundi unalolihitaji nusu ya siku. Ukilinyamazisha saa nne usiku, linaamka lenyewe saa kumi na mbili asubuhi. Ukilinyamazisha saa mbili asubuhi unapoingia ofisini, linaamka saa kumi jioni. Wiki moja inafaa kamati ya harusi ambayo bado iko mbali. Siku zote ni kwa makundi ambayo wewe mwenyewe utakuwa unayafungua ukipata nafasi.

Kwa usiku, usiitegemee WhatsApp kabisa. Washa hali ya usisumbue ya simu yenyewe na uruhusu watu wachache kupita. Simu nyingi zinaruhusu pia anayepiga mara ya pili kwa kufuatana apite: kwenye Android ndani ya dakika 15, kwenye iPhone ndani ya dakika 3. Kisha kubalianeni kama familia kwamba jambo la dharura halitumwi kundini; mtu anapiga, isipopokelewa anapiga tena papo hapo. Makubaliano hayo yana nguvu kuliko mpangilio wowote.

Haya yote ni upande wa anayepokea. Nusu ya kelele iko mikononi mwa admini, na hapa ndipo ningependa watu waweke bidii zaidi, kwa sababu uamuzi wa mtu mmoja unatuliza simu mia.

Chukua kundi la michango ya harusi. Mtunza hazina anaweka orodha: 1. Baba Juma 100,000, 2. Mama Asha 50,000. Anayefuata anainakili orodha nzima, anaongeza jina lake namba 3, anaituma tena. Wa nne hivyo hivyo. Wakifika watu 60, orodha imetumwa karibu mara 60, kila mara ndefu kuliko iliyopita. Tena wawili wakinakili kwa wakati mmoja, mmoja anafutika: namba 17 ya huku si namba 17 ya kule, na jioni kuna mtu amenuna kwamba mchango wake haujaonekana. Dawa ni rahisi. Mchangiaji amtumie mtunza hazina ujumbe wa muamala kwa faragha. Mtunza hazina peke yake ndiye aguse orodha, naye aitume mara mbili kwa siku, mchana na jioni, kisha aibandike juu ya kundi. Meseji iliyobandikwa inaweza kukaa saa 24, siku 7 au siku 30.

Kwenye msiba hali ni nzito zaidi. Saa ya mazishi na mahali pa kukutania vinatumwa mara moja, halafu vinafunikwa na "poleni sana" mia mbili za watu wenye nia njema kabisa. Bandika ratiba juu mara tu inapotoka. Kama mambo ni mengi, admini afungue mipangilio ya kundi, sehemu ya ruhusa, aweke kwamba maadmini pekee ndio watume meseji, hata kwa saa moja tu wakati ratiba inapangwa. Awaeleze wanakundi kabla hajafunga, maana kufungiwa mdomo ghafla katika msiba kunaumiza.

Kwa shule na mtaa, tenganisha makundi mawili: la matangazo, ambamo admini pekee huandika, na la mazungumzo. Mzazi ataacha sauti kwenye la kwanza na kunyamazisha la pili.

Kunyamazisha hakuokoi bando. Picha na video za kundi lililonyamazishwa zinaendelea kushuka kama kawaida. Ingia mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, na kwenye data ya simu ondoa alama zote: picha, sauti, video, nyaraka. Ujumbe wa sauti uliorekodiwa ndani ya WhatsApp utashuka tu hata hivyo, ila huo ni mdogo.

Kujitoa nako ni mpangilio. Tangu 2022 anayejitoa anaonekana kwa maadmini tu, ingawa wanakundi wakichungulia orodha ya waliotoka watamkuta humo kwa siku 60. Ili usiingizwe hovyo, nenda faragha, makundi, na uchague watu ulionao kwenye simu peke yao. Wengine itabidi wakutumie mwaliko.

Baada ya kupanga yote, wapo watakaoona kundi walilolipa mlio halilii. Sababu ya kwanza ni kwamba siku moja waliishikilia arifa kwa kidole na kugusa "kimya" bila kukusudia. Hilo linarekebishwa kwenye mipangilio ya simu: programu, WhatsApp, arifa, kisha tafuta kundi husika na ulirudishie sauti. Kwenye Android 13 na kuendelea, programu mpya huomba kwanza ruhusa ya kutoa arifa. Aliyekataa siku ya kusakinisha hatasikia kitu mpaka aiwashe hapo hapo.

Sababu ya pili inawapata zaidi wenye simu za bei ya kati na ya chini, ambazo mfumo wake hufunga programu za nyuma ili kutunza chaji. Dalili yake haifichiki: ukifungua WhatsApp, meseji kumi zinaingia kwa pamoja. Nenda mipangilio ya simu, programu, WhatsApp, betri, na uchague isiwekewe kikomo. Kama simu ina swichi ya programu kujiwasha yenyewe, iwashe kwa WhatsApp. Kama unatumia kiokoa data, iruhusu ipite. Programu ya kusafisha simu uliyopakua, ile yenye kitufe cha kuongeza kasi, iondoe. Kisha jaribu: funga kioo, iache simu mezani nusu saa bila kuichomeka kwenye chaji, na umwombe mtu aandike kwenye kundi lenye mlio. Ikilia ndani ya dakika moja, umemaliza. Isipolia mpaka uiguse, rudi kwenye betri, kwa kuwa baadhi ya simu hurudisha kikomo kila zinaposasishwa.