Mikwaruzo inayogoma kutoka: maswali yenu kuhusu kupiga polishi nyumbani

Maswali ya safari hii karibu yote yanagusa jambo moja: gari limeoshwa, limepigwa polishi, limeng'aa, lakini alama fulani zimebaki palepale. Nimechagua yale yanayowahusu wengi. Kabla ya majibu, jambo moja la kushika. Kwenye magari mengi tunayoendesha, rangi yenyewe imefunikwa na klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi, na klia ya kiwandani mara nyingi ina unene wa maikroni 35 hadi 50. Milimita moja ni maikroni 1,000. Kila ukipiga polishi unaipunguza klia hiyo, na haiongezeki mpaka gari lipulizwe upya.

Shikamoo fundi. Nina Premio nyeusi. Nimenunua mashine ya polishi, ile inayozunguka huku ikitikisika, na nimepitisha kompaundi, ile polishi ya kukata, gari zima. Alama za miviringo zimekwisha, ila kwenye boneti kuna mikwaruzo michache haisogei. Nimerudia na kurudia. Nikandamize zaidi? (Msomaji, Tabata)

Marahaba. Usikandamize. Anza na ukucha wako: upitishe kwa upole ukiukatisha mkwaruzo. Ukucha ukikwama, mkwaruzo umeshuka mno ndani ya klia, au umeipita kabisa. Ukiona ndani yake rangi nyingine, nyeupe au kijivu, hiyo ni praima, rangi ya msingi iliyo chini ya rangi ya gari, na hapo polishi haina kazi. Unajaza rangi kwa kibrashi chembamba, basi. Ukucha ukiteleza bila kukwama, tunaweza kuendelea.

Ni vizuri ujue mkwaruzo unaondokaje. Kompaundi haiujazi. Inakata klia ya pande zote mbili mpaka ishuke ilingane na chini ya mkwaruzo. Maana yake, kuumaliza mkwaruzo mmoja mrefu ni kupunguza klia ya eneo lote linalouzunguka. Kwa gari la kila siku mimi sishauri kuufuata hadi mwisho. Kingo zake zikishapoteza makali, mwanga hauudaki tena. Ukisimama hatua mbili nyuma huuoni, na klia yako bado ipo.

Sasa kazi yenyewe. Chukua eneo dogo, sentimita 40 kwa 40 hivi, ulijaribie hapo kwanza badala ya kurudia boneti nzima. Kitu cha kwanza kubadilisha ni sponji, weka iliyo safi. Mara nyingi kinachogomesha kazi ni sponji iliyojaa: unga wa klia iliyokatwa umechanganyika na kompaundi ukaziba vitundu vyote, na sponji inateleza tu juu juu. Isugue kwa brashi ngumu kila umalizapo eneo moja, na uwe nazo kadhaa za kupokezana. Bado haitoki? Weka sponji ngumu zaidi na kompaundi ileile. Ukishindwa na hapo, ndipo uende kwenye kompaundi kali. Wengi huanza na kali siku ya kwanza, na hawabakiwi na pa kurudi.

Mashine iende taratibu, njia zipandane nusu kwa nusu, upite mara nne hadi sita halafu uangalie. Kuhusu kukandamiza: chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye ukingo wa lile bamba linaloshika sponji. Mashine ikifanya kazi, utauona mstari ukizunguka. Mstari ukisimama, ujue umeikandamiza mashine kiasi kwamba inatikisika tu bila kuzunguka, na haikati kitu. Legeza mkono mpaka mstari uanze kwenda tena.

Halafu ufute eneo hilo kwa spiriti iliyochanganywa na maji, ndipo umulike kwa tochi. Kompaundi nyingi zina mafuta yanayojaa kwenye mikwaruzo na kuificha. Ndiyo maana mikwaruzo "iliyokwisha" Jumamosi huonekana tena gari likioshwa mara mbili tatu. Na kingo za boneti pamoja na ile mikunjo iliyoinuka ibandike masking tepu kabla ya kuanza, kwa sababu hapo klia ni nyembamba na sponji huuma zaidi.

Fundi, mashine ya polishi sina, ila nina grainda ya kukatia vyuma. Nikiifunga sponji si itakuwa yaleyale? (Msomaji, Morogoro)

Hapana ndugu yangu. Grainda ndogo ya kawaida inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya polishi ya mzunguko mmoja, ile isiyotikisika, hufanya kazi vizuri kati ya 1,000 na 1,500 hivi. Grainda itaichoma klia kabla hujaondoa mkono, na bampa la plastiki ndilo litakalotangulia kuharibika kwa sababu plastiki haisambazi joto kama bati. Kwa mkono utafika polepole, lakini utafika na rangi.

Naegesha gari chini ya mwembe na kunguru hawaniachi. Nikishaosha kinyesi chao inabaki alama iliyofifia yenye umbo lilelile. Polishi imeng'arisha pembeni, alama ipo. (Msomaji, Ilala)

Hii inawasumbua wengi wa Dar. Kinyesi cha ndege kina asidi, lakini jua nalo lina sehemu yake. Mchana klia inapata joto, inalainika na kutanuka. Jioni inapoa na kusinyaa ikiwa imeushikilia ule uchafu uliokauka juu yake, nayo inajichora kufuata umbo lake. Unachokiona baada ya kuosha ni klia iliyobonyea.

Pitisha kidole. Pakiwa laini ila pamefifia, sponji ndogo na kompaundi kwa mkono mara nyingi zinatosha, kwa mizunguko midogo, ukifuta na kuangalia. Pakiwa pameingia ndani kidogo, utapunguza ukali wa kingo, kisivuli kitabaki, ukubaliane nacho. Lakini klia ikiwa imejikunja kama utando juu ya maziwa yaliyochemka, au ina nyufa, usiguse kwa mashine. Sponji itaibandua.

Kuanzia leo weka kwenye gari chupa ya maji na taulo laini. Ukikuta kinyesi kimekauka, lowanisha taulo, ilaze juu yake dakika 10, kisha inua. Usikwangue hata kidogo, humo ndani mna mchanga na vipande vya mbegu.

Nyumbani tunatumia maji ya kisima. Gari limejaa madoa meupe ya matone, shampuu haiyatoi. Nipige kompaundi? (Msomaji, Kigamboni)

Bado. Chumvi ya kawaida ingeondoka kwa maji tu. Kinachong'ang'ania ni chokaa, nayo inaogopa asidi nyepesi. Changanya siki nyeupe na maji, sawa kwa sawa. Gari liwe limepoa na lipo kivulini. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya madoa dakika moja au mbili, futa, kisha suuza kwa maji mengi. Madoa yakitoka ukakuta chini yake kuna duara lililofifia, chokaa imeshaila klia, na hapo ndipo polishi nyepesi inaingia. Ukianza na kompaundi moja kwa moja unaisaga ile chokaa juu ya klia na kujiongezea mikwaruzo.

Kisha kausha gari papo hapo kila ukiosha. Kuliacha likaushwe na jua la saa saba ndiko kunakoleta madoa hayo.

Bajaji imenikwaruza mlangoni, imeacha mstari mpana wa bluu. Gari langu ni la fedha. Fundi wa mtaani anataka kupuliza mlango mzima. (Msomaji, Mwanza)

Shikilia pesa yako kwanza. Pitisha kidole juu ya mstari: ukihisi umeinuka, hiyo ni rangi ya bajaji iliyobaki juu ya klia yako, na chini yake huenda hakuna jeraha la maana. Chovya kitambaa laini kwenye mafuta ya taa, sugua taratibu, geuza upande safi wa kitambaa kila mara, kisha osha kwa sabuni. Kinachobaki malizia kwa kompaundi ya mkono. Ukiuona mlango ulivyo, ndipo uamue kama kuna haja ya kupuliza.

Thina usiikimbilie. Kama mlango huo uliwahi kupulizwa kwa rangi ya NC, ile inayokauka kwa thina yake kuruka tu, thina itaiyeyusha yote. Jaribu kwanza sehemu isiyoonekana, mfano ndani ya ukingo wa mlango, ukijua tu kwamba huko nako pengine hakukupulizwa rangi ileile. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari lako, chupa ya thina ifunge.

Hilux yangu nyekundu ya zamani imepauka. Nimepiga polishi, sponji ikageuka nyekundu tupu. Nimeogopa nikaacha. Nimeharibu? (Msomaji, Tanga)

Inategemea gari lina klia au halina. Magari mengi ya zamani, hasa ya rangi zisizo na chembe za kung'aa kama nyekundu na nyeupe, yalipulizwa rangi tupu bila klia. Kwa gari la namna hiyo, sponji kugeuka nyekundu ni kawaida: unaondoa tabaka la juu lililoliwa na jua, na chini yake kuna nyekundu yenyewe. Endelea na polishi nyepesi, osha sponji mara kwa mara, na ukimaliza paka waksi, kwa kuwa rangi hiyo haina kingine cha kuikinga. Ukiona eneo limeanza kubadilika, kutoa rangi hafifu au kijivu kwa chini, umekaribia praima. Acha hapohapo.

Gari likiwa na klia, jibu linageuka. Rangi ikionekana kwenye sponji, klia ya sehemu hiyo imekwisha.

Gari langu limetoka kupulizwa wiki mbili zilizopita. Rangi imekaa vizuri, ila kuna vumbi limenasa na chozi moja, klia iliyochuruzika ikakaukia hapo, kwenye mlango wa nyuma. Kompaundi haifui dafu. (Msomaji, Arusha)

Kompaundi haiwezi kwa sababu hizo ni nundu, na sponji inapanda juu yake na kushuka. Hapa panahitaji msasa wa maji, na hii ndiyo kazi ninayoomba uifanye kwa uangalifu kuliko zote. Muulize kwanza fundi aliyepuliza kama ni klia ya 2K, yaani ya sehemu mbili, iliyochanganywa na hadina, dawa ya kuifanya iwe ngumu, na kama imekauka mpaka chini. Bonyeza ukucha mahali pasipoonekana. Ukiacha alama, subiri.

Kwa vumbi, kata kipande kidogo cha msasa P2000, kizungushie kifutio cha shule, chovya kwenye maji yenye tone la sabuni, na usugue ile nundu peke yake. Punje za msasa huo zina upana wa kama maikroni 10, kwa hiyo kila ukizidisha unaona hasara. Tazama maji: yakiwa meupe kama maziwa, unakata klia. Yakigeuka rangi ya gari, umeshapita. Chozi nalo ni nene katikati tu, klia ya pembeni yake ni ya kawaida. Bandika masking tepu juu na chini yake, na sugua chozi mpaka lilingane na tepu. Toa tepu, malizia kwa msasa laini zaidi, P3000, ukibadili mwelekeo, ndipo kompaundi irudishe mng'ao.

Paa limeanza kubanduka klia, kuna mabaka meupe. Kuna polishi ya kuyazuia? (Msomaji, Dodoma)

Hakuna. Mashine itazidi kuinua kingo, na waksi itapendeza kwa siku chache tu. Paa hilo linahitaji kupulizwa. Ukienda kwa fundi, sisitiza akwangue klia yote iliyolegea mpaka afikie inayoshika, apige msasa paa zima, na apulize paa zima. Usikubali apulize mabaka tu, kwa sababu ukingo wa klia mpya juu ya ya zamani ndio utakaobanduka mwanzo. Na muombe akuonyeshe kopo la hadina kabla hajachanganya.