Sema choo chako ni cha namna gani

Swali lenu la juma hili linauliza: mgonjwa anayekwenda kinezi, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, mara ya kwanza ajue nini? Mimi ninauza vitenge katika soko la Kadutu, hapa Bukavu, na mwaka jana goti la kulia lilinipeleka kinezi zaidi ya miezi mitatu. Nitajibu kwa lile nililokosea mwenyewe.

Mvua ilikuwa inanyesha, pikipiki niliyopanda ikateleza kwenye mteremko, nikaangukia goti. Pia ya goti ikapasuka, ila vipande havikuachana, kwa hiyo daktari hakupasua. Alinifunga plasta kutoka pajani hadi karibu na kifundo, majuma 6. Siku ilipotolewa nilijua nimepona. Kumbe nilichokiona kilikuwa mguu wa mtu mwingine: paja limenyauka, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu, goti halikunjiki. Mfupa unapojiunga, misuli inalala na kiungo kinakaza, na hilo wengi hatuambiwi mapema. Daktari akaniandikia seansi 10, yaani vipindi 10 vya kinezi. Moyoni mwangu kinezi ilikuwa masaji: nitalala, nitapakwa mafuta, nitakandwa, nitarudi sokoni.

Seansi ya kwanza karibu yote ilikuwa maneno. Kijana aliyenipokea nilimwita docta, akasema, “Mama, mimi si docta, mimi ni mkinezi,” kisha akaanza kuuliza. Unakaa wapi? Toka barabarani mpaka mlangoni kuna ngazi ngapi? Maji anachota nani? Kazini unakalia nini? Choo ni cha kukaa ao cha kuchuchumaa? Hapo nikakasirika. Kijana anayelingana na mtoto wangu wa tatu ananiuliza habari za choo! Nikamjibu kama mtu anavyowajibu wageni: ngazi si nyingi, maji watoto wanachota, choo ni cha kisasa. Nilitaka anione ni mtu mwenye kwake.

Ukweli ni kwamba ninakaa Cimpunda, chini ya barabara, ngazi 61 za udongo na mawe. Robineti ikikauka, bido, lile dumu la maji la lita 20, ninaibeba mwenyewe kwa sababu watoto wako masomoni. Choo ni shimo lenye simenti. Na sokoni ninakalia kigoda ambacho hata kuku anaweza kukiruka bila kutumia mabawa.

Mkinezi akalipima goti kwa kipimo cha plastiki chenye mikono miwili, kama rula mbili zilizounganishwa kwa msumari. Mkono mmoja akaulaza kando ya paja, wa pili kando ya muundi, akanyanyua kisigino changu taratibu mpaka niliposema yoo. Akasoma: digrii 55. Akasema kwanza tutafute 90, tukifika 110 mama utakuwa huru. Kwa yale niliyomweleza, hesabu yake ilikuwa sahihi. Kwenye ngazi goti linataka kukunjika kama digrii 90 hivi, kuinuka kwenye kiti kifupi kunataka zaidi ya hapo, na kuchuchumaa kunapita 120. Mwenye choo cha kukaa anaishi vizuri na 110. Mimi na 110 yangu ningekwama shimoni.

Basi mchana nilifanya mazoezi ya mama mwenye choo cha kisasa, na alfajiri nilikuwa nimeng'ang'ania mlango wa choo, mguu mmoja umenyooka mbele kama wa mlevi aliyeanguka. Bido nayo nikaendelea kubeba. Juma la tatu goti likavimba kama papai. Mkinezi akafikiri ni mazoezi yake, akayapunguza. Seansi 3, zote nimezilipia, tulirudi nyuma kwa ajili ya maji ambayo eti watoto wanachota. Seansi ya nane nikamwambia ukweli wote. Hakucheka. Akaenda nyuma ya pazia, akarudi na kigoda cha mbao, akakiweka mbele yangu: “Tuanzie hapa.”

Mengine nitayapita haraka. Nenda na picha ya radio, ile ya eksirei, na karatasi ya daktari. Vaa kitu kinachopanda juu ya goti bila aibu. Mimi nilivaa kaptula ya mwanangu chini ya kitenge. Mwanamke anayeona haya anaweza kuomba mkinezi mwanamke, au aingie na ndugu yake. Bei uliza kabla. Pesa zikiwa chache, sema hivyo pia, maana mkinezi anaweza kuachanisha seansi na kukuongezea kazi ya nyumbani. Na hiyo kazi ya nyumbani ndiyo dawa yenyewe. Yangu ilikuwa kukaa chini kwenye simenti, kipande cha kitenge chini ya kisigino ili kiteleze, kisha kukivuta kuelekea makalio mara 10, asubuhi, mchana, jioni. Dakika chache tu, lakini siku niliyoiruka, kesho yake goti lilinidai na riba.

Kuhusu maumivu, utaombwa uyape namba kutoka 0 hadi 10. Sisi tumelelewa kujikaza, basi mimi nilikuwa nasema 2 huku machozi yananitoka. Kujikaza huko hakukunisaidia chochote. Mkinezi wangu alinifundisha hivi: maumivu madogo wakati wa zoezi si kitu, yakiwa yametulia kufikia kesho asubuhi. Yakilala na wewe mpaka kesho, mzigo ulizidi, mwambie apunguze. Lakini shavu la mguu likivimba, likawa la moto na kuuma, hiyo si ya kungojea seansi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Na pumzi ikianza kukata, usingoje hata saa moja.

Mama mkwe alitaka nipelekwe kwa mzee mmoja anayevuta mifupa. Nilimheshimu, nikakataa. Kiungo kilichoumia karibuni kikikandwa na kuvutwa kwa nguvu, damu inavia ndani, na mara nyingine misuli yenyewe inaanza kuota mfupa. Kiwiko cha mtoto ndicho ningekiogopea kuliko vyote.

Fimbo ishike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, ule usiouma. Nilishangaa, lakini jaribu utaona. Na kwenye ngazi, mguu mzima unatangulia kupanda, mgonjwa unatangulia kushuka. Wajukuu zangu waliigeuza wimbo, wakawa wananiimbia kwenye zile ngazi 61, jirani zangu wote wa Cimpunda sasa wanaujua.

Seansi 10 zilizaa nyingine 14. Goti limeishia 125. Chooni naenda bila kushika mlango, na kigoda changu kiko palepale sokoni. Bido ninabeba ya lita 10, mara mbili. Kupiga magoti kanisani ndiko bado: ninakunja kitenge mara nne, ninakiweka chini ya goti la kulia, na padri akirefusha sala ninakaa.