Kuwahamisha konokono wa kaya si kuwahifadhi

Ndugu yangu, umeuliza iwapo yafaa kuwachukua konokono adimu wa misitu ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, na kuwafuga bustanini kwako Nyali ili wasipotee. Nakuomba usifanye hivyo, ingawa nia yako ni njema.

Uhai wa konokono hawa umo katika majani yanayooza chini ya miti, kwani humo hupata unyevu, chakula na chokaa ya kujengea gamba. Wale wa jenasi ya Gulella, ambao wengi wao ni wadogo kama punje ya mchele na mdomo wa gamba lao una vimeno, huwinda konokono wengine, kwa hivyo mboga za bustani hazitawafaa kitu. Tena mwendo wao ni mfupi mno. Msitu ukikatwa vipande, hawawezi kuvuka shamba kavu lililo kati, na ndiyo maana aina nzima yaweza kubaki katika kilima kimoja tu.

Lifaalo zaidi ni kuwaunga mkono wazee wa kaya, ambao miiko yao ya kutokata miti ililinda makao haya muda mrefu kabla ya UNESCO kuorodhesha baadhi yake kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2008. Ukiingia kwa idhini yao na ukainua gogo lililooza, lirudishe taratibu, upande wenye unyevu ukiwa chini vile vile, kwa kuwa huenda mayai meupe, madogo mno, yamelala papo hapo. Piga picha, andika tarehe na mahali, kisha uwapelekee wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.