Pointi zangu nikalalie Posta au Mbezi Beach?

SWALI: Dada shikamoo. Mimi naishi Dodoma, kazi yangu ni ya kusafiri sana kwa semina na ofisi ndo inalipa hoteli, sasa nimejikuta nina pointi nyingi (zile unazopewa ukilala kwao, unazibadili kwa usiku wa bure) kwenye makampuni mawili ya hoteli na sijawahi kuzitumia hata siku moja. Mwezi ujao nampeleka mama Zanzibar kwenye harusi ya mjukuu wake. Tunashuka Dar na SGR Ijumaa saa kumi na moja jioni, tunalala siku mbili, Jumapili tunapanda boti ya saa moja asubuhi. Mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na bahari hajawahi kuiona maisha yake yote. Hoteli ya Posta, katikati ya mji, inataka pointi elfu kumi kwa usiku, kwa pesa taslimu ni laki nne na ishirini. Ya Mbezi Beach inataka pointi elfu nane, kwa pesa ni laki mbili, na picha zake ni nzuri mno, mchanga, minazi, kila kitu. Mke wangu anasema mama alale ufukweni. Mimi sielewi nishike lipi. Msomaji, Dodoma.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kumfikiria mama. Laleni Posta. Najua mkeo hatapenda kusikia hivyo lakini naomba umsomee mpaka mwisho.

Nyie mna masaa 38 Dar, kuanzia treni inasimama mpaka boti inang'oa nanga. Toa usingizi wa siku mbili, toa kuoga na kufungasha, yanabaki masaa ishirini hivi ya kuwa macho. Sasa Ijumaa saa kumi na moja jioni ndo saa ambayo Dar nzima inatoka mjini kurudi nyumbani, na watu wa Mwenge, Tegeta na Bunju wote wanapita njia hiyohiyo ya kwenda Mbezi Beach. Usiniamini mimi, Ijumaa hii ikifika saa hiyo fungua ramani kwenye simu yako, weka kutoka stesheni ya SGR mpaka ile hoteli ya Mbezi Beach, uone inakwambia dakika ngapi. Halafu weka kutoka stesheni mpaka Posta. Ukipima mchana wa Jumapili utadanganyika, pima siku ileile na saa ileile utakayopita wewe.

Hili nalisema kwa uchungu maana lilinikuta. Mama yangu mzazi nilimpokea Ijumaa jioni, nikampeleka hoteli ya ufukweni niliyoipata kwa pointi, mbali na mjini, nikajiona nimemfanyia jambo. Tulikaa kwenye foleni mpaka akalala kiti cha nyuma, kichwa kimeegemea kioo, mkoba kaukumbatia. Tumefika saa nne usiku, giza. Kesho yake alfajiri tukatoka kuwahi miadi yake ya hospitali Upanga, giza vilevile. Bahari tuliisikia ikivuma, hatukuiona. Alinishukuru sana, na hicho ndo kinaniuma mpaka leo.

Tuje kwenye pointi. Kujua pointi yako inakununulia nini, chukua bei ya pesa taslimu ya usiku huohuo ugawanye kwa pointi wanazotaka. Posta laki nne na ishirini kwa elfu kumi, kila pointi inabeba shilingi 42. Mbezi laki mbili kwa elfu nane, inabeba shilingi 25. Kwa hiyo ile inayoonekana rahisi ndo inakula pointi zako kwa hasara, na bado hujaweka hela ya taksi kwenda na kurudi mjini. Mbezi ukiitaka siku nyingine, ilipie pesa, pointi uzitunze kwa hoteli ghali iliyokaa pazuri.

Kuhusu pa kukaa, uzuri wa Posta ni kwamba hoteli zinazopokea pointi ziko palepale mnapopita. Hyatt Regency, ambayo wenyeji bado tunaiita Kilimanjaro, iko Kivukoni inatazama bandari. New Africa iko mtaa wa Azikiwe, siku hizi ni Four Points by Sheraton ambayo ni ya Marriott. Boti za Zanzibar zinaondokea Sokoine Drive, jirani na kanisa la Mtakatifu Joseph. Yaani Jumapili mama ataamka bila presha, anywe chai yake, gari dakika chache mko getini mnaonyesha tiketi na kitambulisho (NIDA ya mama msiisahau Dodoma tafadhali). Kwa mwenye magoti mabovu hiyo ni kubwa kuliko minazi.

Na bahari ataiona, usiwe na wasiwasi. Ukishabuki, wapigie hoteli wenyewe, uwaambie unakuja na mama mtu mzima anayeiona bahari kwa mara ya kwanza, unaomba chumba cha vitanda viwili kinachotazama bandari. Chumba cha pointi kwa kawaida ni kile cha chini kabisa na upande hawakuahidi, lakini ombi la hivi likisemwa kwa adabu mara nyingi linasikilizwa. Mvutie kiti dirishani. Ataona meli kubwa zikipita kwenye ule mlango mwembamba wa bandari, na kivuko cha Kigamboni kikienda na kurudi kimejaa watu, baiskeli na bajaji.

Mchanga mtaukanyaga Jumamosi Coco Beach. Tokeni saa tisa kabla watu hawajajaa, mwambie dereva apite daraja la Tanzanite, lile la 2022, kilomita moja na kidogo juu ya maji, aendeshe taratibu. Angalia kwanza maji yanajaa saa ngapi, yakipwa pale ni mawe matupu na mama hatayaweza. Akae kwenye kiti, mihogo ya kukaanga na pilipili mkononi, maji yamfuate mwenyewe miguuni.

Ubaya wa Posta niuseme pia. Jumamosi mchana maofisi yakifungwa panapooza, maduka mengi yanafungwa, chakula cha jioni inabidi ukitafute mapema. Halafu uliza kama chai ya asubuhi imo, kwenye usiku wa pointi mara nyingi haimo. Buki kwenye apu ya kampuni yenyewe, siyo kwa wakala, na soma mwisho wa kughairi ni lini ili treni ikibadilika pointi zako zirudi. Hyatt na Marriott wote pointi zinakufa akaunti ikikaa miezi 24 bila kuguswa, kwa hiyo angalia leo hii usije ukapanga safari kumbe hazipo.

SWALI: Dada, nina usiku mmoja tu Dar, nashuka saa tatu usiku kutoka Mwanza na kesho yake saa kumi na moja alfajiri naruka kwenda Dubai. Nitumie pointi nilale hoteli nzuri ya mjini? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Hapana mpenzi. Utalala masaa manne, hata dirisha hutafungua. Tafuta lodge safi barabara ya Nyerere karibu na uwanja, lipa pesa, omba wakuamshe, na uwaulize kama wana gari la kukufikisha Terminal 3 saa nane usiku. Pointi zako zisubiri siku una mchana wa kuutumia.