Mteja wako analipwa na nani?

Ukitaka kuanza biashara katika mji wa mgodi, usianze na bidhaa. Jiulize kwanza: huyu atakayenunua kwangu, pesa yake inatoka wapi?

Mimi nimekulia Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, huku Kongo. Zamani Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, ndiyo ilikuwa baba na mama: unga, shule, hospitali, hata mpira wa Jumapili. Mgodi uliposimama mwaka 1993, kinyozi, baa na fundi viatu walilegea pamoja, kwa sababu wote walikuwa wakila mshahara uleule. Miaka kumi baadaye, 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa DV, yaani kuacha kazi kwa hiari, kila mmoja na pesa yake ya mkupuo. Mtaani kwetu wengi walinunua frigo (friji) ya kuuzia bia. Njia nzima frigo, na wanywaji ni majirani walewale wasio na kazi!

Mama yangu alilima lengalenga, yaani mchicha. Alikata jioni, akafunga mafungu kwa nyasi, akayafunika kwa gunia lenye maji, na kabla jua halijachomoza alikuwa njiani kwenda soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi. Ukifika saa nne mboga imenyauka na bei imeanguka, basi ilikuwa mbio kila siku. Lakini mtu wa Lubumbashi hali bukari (ugali) kavu, bei ya shaba ipande au ishuke. Pesa iliyotulisha ilitoka nje ya Kipushi.

Nilikuja kusoma habari za Seaham, mji mdogo wa pwani kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Mgodi wake wa mwisho wa makaa ya mawe ulifungwa mwaka 1993, kama wetu. Ufukwe wa eneo lile ulikuwa mweusi kwa taka za migodi, na kati ya 1997 na 2002 ukafanyika mradi mkubwa wa kuusafisha. Leo watu wanatoka mbali kuokota vipande vya kioo vilivyolainishwa na bahari, mabaki ya kiwanda cha chupa kilichofungwa mwaka 1921. Wakifika wanakula, wanakunywa chai, wengine wanalala. Sisi hatuna bahari, na sidhani kuna mtalii atakayekuja kutazama tope letu la kiwanda, ila mpango wa kuanza na uchafu naukubali kabisa.

Maana uchafu tunao. Watafiti wamepima mboga za bustani za Lubumbashi na kukuta metali nyingi mno, na mboga za majani ndizo zinazozinyonya kwa wingi. Kwa hiyo ukilima Kipushi, usimwagilie kwa maji ya kijito kinachopita kwenye tope la mgodi, hata kama kiko mlangoni. Chimba kisima mbali nalo. Tia samadi na chokaa kwenye tuta, vinapunguza metali inayopanda kwenye majani. Na ukimwambia mnunuzi maji yako yanatoka wapi, atarudi.

Tangu 2024 Kipushi inatoa zinki tena, na vijana wananiuliza kuhusu saluni karibu na geti. Fungua, lakini kodi ya chumba lipa ya mwezi kwa mwezi, na faida ya wiki ya mshahara itie kwenye likelemba (upatu) ya watu wanaouza mjini, si ya wachimbaji wa getini. Zamu yako ikifika, nunua kuku wa mayai ya kuuza mjini.