Mzee Ojwang hakuwa Mjaluo

Mhariri,

Swali lenu la wiki iliyopita lilikuwa hili: "Waigizaji wetu wa filamu na televisheni wakishafariki, tuwakumbuke vipi ili wasisahaulike?" Nadhani wengi watapendekeza sanamu, tuzo na barabara zenye majina yao. Jibu langu ni la kazi ya mikono. Kila marehemu aandikiwe karatasi moja isiyo na kosa, yenye majina, tarehe na orodha ya kazi zake, na angalau kazi yake moja inakiliwe kutoka kwenye diski au kaseti kabla haijaharibika. Maana kwa sasa tunachokumbuka ni misiba. Mguse mtu wa Dar es Salaam kuhusu Steven Kanumba, atakusimulia usiku aliofia nyumbani kwake Sinza, kesi iliyofuata na umati uliofurika Leaders Club kumuaga. Mwombe ataje michezo aliyocheza na kundi la Kaole kwenye televisheni ya ITV kabla hajapewa jina la "The Great", uone atakavyokuna kichwa. (Jahazi, Dira, Zizimo na Tufani.)

Karatasi inaanza na majina, na makosa mengi huzaliwa hapo hapo. Weka mistari mitatu na usiichanganye: jina la kwenye hati, jina la usanii, na jina la uhusika likifuatana na mchezo wenyewe. Benson Wanjau, aliyefariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015, alikuwa Mzee Ojwang wa Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Kenya, kwa miaka mingi, na ile lafudhi yake iliwakaa watazamaji masikioni hadi wakaamini ni Mjaluo. Alikuwa Mkikuyu. Anayeandika "Mzee Ojwang" kwenye mstari wa kwanza amempotezea marehemu kabila, ukoo na nusu ya sifa yake, kwa kuwa kuigiza lafudhi ya watu wengine miaka yote hiyo bila kuteleza ndio ufundi wenyewe. Charles Bukeko, aliyefariki 18 Julai 2020, ana mtego mwingine: Papa Shirandula ni jina la uhusika na pia ni jina la kipindi cha televisheni ya Citizen ya Kenya, hivyo ukiandika "alianza Papa Shirandula" msomaji hajui unazungumzia mtu au kipindi.

Huku Tanzania King Majuto ni Amri Athumani, Mzee Small ni Said Ngamba, Sharo Milionea ni Hussein Ramadhani Mkiety. Sajuki ni Sadiki Juma Kilowoko. Chukua silabi ya kwanza ya kila jina utaliona jina la usanii limejitengeneza lenyewe. Magazeti yaliyoandika "Juma Kilowoko" tu yalimkata hiyo SA, na msomaji wa leo hawezi kujua Sajuki lilitoka wapi. Andika pia kila tahajia iliyowahi kuchapwa, Steven na Stephen, Sharo Milionea na Sharomilionea, kwa sababu anayetafuta baadaye hatajua aanze na ipi.

Baada ya majina, tarehe. Kiswahili chenyewe kinatutega hapa. Kwa hesabu ya kwetu Pwani siku huanza jua linapozama, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" wa bibi ni Alhamisi usiku ya karani wa hospitali. Kanumba alikata roho baada ya saa sita usiku, kuamkia Jumamosi. Ijumaa Kuu ya mwaka huo ilikuwa tarehe 6 Aprili 2012, na ndiyo maana kuna wanaoandika 6 na wanaoandika 7. Sahihi ni 7. Unapomhoji ndugu, usiulize "siku gani". Uliza saa ngapi, kisha uliza kulikucha siku gani. Akisema saa nane usiku, geuza papo hapo uandike 02:00, usisubiri ufike nyumbani. Gazeti la kila siku likisema "jana", toa siku moja kwenye tarehe ya juu ya ukurasa. La kila wiki likisema "hivi karibuni", liache.

Mei 2014 imewavuruga waandishi kuliko mwezi mwingine wowote. Adam Kuambiana alifariki tarehe 17, Rachel Haule tarehe 27, George Tyson tarehe 30 kwa ajali ya gari huko Gairo, na Juni haijafika mbali, tarehe 7, akafuata Mzee Small. Watu wanne katika majuma matatu. Orodha nyingi zimewapachika tarehe za wenzao, na zimemweka Tyson miongoni mwa waigizaji ilhali alikuwa mwongozaji. Dawa yake ni vyanzo viwili visivyonakiliana, kwa mfano kauli ya familia na rekodi ya maziko. Magazeti mawili yaliyochota kwenye chapisho moja la mtandaoni ni chanzo kimoja. King Majuto alizushiwa kifo zaidi ya mara moja kabla ya kufariki kweli Muhimbili jioni ya Nane Nane, 8 Agosti 2018, kwa hiyo tanzia yake yoyote yenye tarehe ya kabla ya hapo ni ya uzushi hata iwe imeandikwa vizuri namna gani.

Sasa orodha ya kazi. Filamu za Bongo Muvi, yaani filamu za Kitanzania, ziliuzwa sana kwenye diski za video za VCD, na diski moja hubeba dakika 74 hadi 80 tu. Filamu ya saa mbili haikutosha, ikakatwa pati wani na pati tuu, kila moja na kava lake na bei yake (wauzaji hawakulalamika). Kwenye karatasi hiyo ni kazi moja. Anayehesabu makava humwongezea marehemu filamu ambazo hakuzicheza. Majina nayo yaliandikwa kwa Kiingereza cha kila namna: filamu ile ile ya 2006 utaikuta Dar 2 Lagos na Dar to Lagos. Andika lililo kwenye skrini, halafu la kwenye kava pembeni.

Mwaka pia una siri yake. Uliochapwa kwenye kava ni wa kusambazwa, na mara nyingi ni wa nakala hiyo tu. Angalia stempu ya TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania: bidhaa za filamu na muziki zilianza kubandikwa stempu za kodi mwaka 2013, hivyo diski ya Kanumba yenye stempu ilitoka akiwa ameshazikwa Kinondoni. Ni toleo la marudio, usilitumie kupanga mfululizo wa kazi zake.

Wala usiamini sura za kwenye kava. Steringi (mhusika mkuu) wa kavani anaweza kuwa ndani kwa dakika mbili, na aliyebeba hadithi nzima hana hata picha. Soma majina ya mwishoni. Kwenye VLC, programu ya kompyuta ya kuchezea video, simamisha picha, bonyeza E kusogea fremu moja moja, na Shift pamoja na S kuhifadhi picha ya skrini. Picha ya VCD ni pikseli 352 kwa 288, herufi ndogo hugeuka madoa; ukiikuza madoa nayo yanakua, kwa hiyo isome katika ukubwa wake halisi au tafuta nakala ya DVD, yenye 720 kwa 576.

Kuokoa diski kunahitaji subira kuliko pesa. Isafishe kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, ukifuta kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Ukifuta kwa mduara, mkwaruzo utafuata njia ya data na kula sehemu ndefu. Watu huhofia mikwaruzo ya upande unaong'aa, lakini kwenye VCD upande wa hatari ni wa juu wenye picha, maana utando unaobeba data uko chini kidogo tu ya rangi hiyo. Lebo ya gundi usiibandue. Huondoka na filamu.

Ukifungua VCD utaona folda MPEGAV na ndani yake AVSEQ01.DAT. Kuiburuta kwenda kwenye kompyuta wakati mwingine hukubali na wakati mwingine hukwama penye mkwaruzo, kwa sababu VCD iliacha sehemu ya kinga ya makosa ili ipate nafasi ya picha. Deki ya sebuleni huruka pale ikaonyesha vigae vya rangi na kuendelea, kompyuta hukata tamaa. Tumia programu ya kunakili diski nzima itoe faili mbili, .bin na .cue; .iso haifai kwa VCD, hiyo ni ya DVD. Punguza mwendo wa kisomaji cha diski cha kompyuta hadi 4x, na kikigoma jaribu kisomaji kingine kabla ya kutangaza kwamba diski imekufa. Nimeona watu wakitupa diski ambazo kosa lilikuwa la kisomaji.

Kaseti za VHS, ambazo ndizo zenye michezo mingi iliyorekodiwa nyumbani kutoka hewani, zina adui mwingine: ukungu wa Pwani. Ukiona unga mweupe kwenye ukingo wa mkanda usiitie kwenye deki, utachafua hedi (vichwa vinavyosoma mkanda) na kuambukiza kaseti zinazofuata. Iliyo safi ipeleke mbele hadi mwisho na irudishe mwanzo mara moja kabla ya kuicheza, mkanda ulegee. Kisha iingize kwenye kompyuta kwa PAL, mfumo wa picha wa televisheni zetu, pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Kwa muundo wa DV utahitaji takriban GB 13 kwa saa moja. Anayebana akahifadhi kwa ukubwa wa video ya WhatsApp ameipoteza picha mara ya pili. Usikate matangazo ya biashara wala taarifa ya kituo iliyo katikati, kwa kuwa mara nyingi ndiyo pekee inayotaja tarehe. Nakala ziwe tatu, moja ikae nyumba nyingine kabisa.

Haki ni jambo fupi. Kwa sheria ya Tanzania ya 1999 kazi ya picha na sauti inalindwa miaka 50, na kazi nyingi za Bongo Muvi ziliuzwa na haki zake zote kwa msambazaji. Familia inaweza kukuruhusu kutumia picha za albamu. Filamu si yake kuitoa. Hifadhi, usipakie nzima mtandaoni. Na albamu hizo usiziombe kwenye matanga. Subiri arobaini ipite, nenda na kamera yako, piga picha mezani pale pale, albamu isitoke nyumbani.

Lililo gumu kuliko yote ni waigizaji wa zamani. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973, kwa hiyo mwigizaji wa Bara aliyekuwa mtu mzima miaka ya 1980 alijulikana kwa jukwaa na kwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Kumtafuta kwenye video ni kupoteza muda. Mtafute kwenye sauti. Pwagu na Pwaguzi, wachekeshaji wa redio hiyo, walichekesha nchi nzima bila sura zao kuonekana, na ukitafuta majina hayo kwenye magazeti ya zamani utaletewa methali ya "Pwagu hupata pwaguzi" kurasa kwa kurasa. Maktaba za redio hupanga kanda kwa jina la kipindi na tarehe ya kurushwa. Ukienda na jina la marehemu peke yake utarudi mikono mitupu. Nenda na jina la kipindi, siku ya juma kilipokuwa kikisikika, na mwaka hata wa kukisia, na omba waangalie pia kanda za marudio.

Msomaji wenu, Tanga